Mbuzi Kwenye Gunia la Nyota Nne

Januari 2012 kampuni ya Priceline ilimuua mhusika wake maarufu kuliko wote. Katika tangazo la televisheni, William Shatner, yule Kapteni Kirk wa Star Trek, anawaokoa abiria wa basi linaloning'inia ukingoni mwa daraja, anamwachia mmoja wao simu yake, kisha basi linaporomoka naye ndani na kulipuka. Wamarekani walikuwa wamemzoea kwa miaka mingi kama bingwa wa kuvutana bei, mtu anayeweza kukupatia chumba cha hoteli ya kifahari kwa pesa ya gesti. Sababu ya kumuua ilikuwa biashara tu. Watu waliijua Priceline kama mahali pa kuomba bei na kusubiri jibu, na kampuni ilitaka wajue kwamba inauza pia vyumba kwa bei iliyobandikwa wazi. Shatner hakukaa kaburini sana, matangazo yakamrudisha. Lakini mchezo aliokuwa akiupigia debe ulikuwa umeanza kuishiwa pumzi.

Mchezo huo ulianza Aprili 1998 katika jimbo la Connecticut. Mwanzilishi wake, Jay Walker, alikuwa mfanyabiashara mwenye mazoea ya kusajili mawazo ya biashara kama wengine wanavyosajili mashine, na Agosti mwaka huo alipata hataza ya mbinu yake: mnunuzi atangulie kutaja bei na kuweka kadi yake mezani, ndipo muuzaji aseme ndiyo au hapana. Tiketi za ndege zilitangulia, vyumba vya hoteli vikafuata miezi michache baadaye. Machi 1999 hisa za kampuni ziliingia sokoni kwa dola 16, na jioni ya siku hiyohiyo zilikuwa dola 69. Kichwa kikavimba. Utaratibu uleule ukapelekwa kwenye vyakula vya dukani na petroli, kupitia kampuni dada iliyoitwa WebHouse Club. Oktoba 2000 ikafungwa, na kabla mwaka haujaisha hisa moja ya Priceline ilikuwa imeshuka chini ya dola 2.

Kumbe watu hawakutaka kuombea bei siagi na karatasi za chooni. Chumba cha hoteli walikubali kukiombea, na wenye hoteli nao walikubali kuombwa.

Siagi isiyouzwa leo itauzwa kesho. Chumba kisicholaliwa leo, usiku wake umepotea. Tuseme hoteli ya Chicago ina vyumba 300, ni Jumanne ya Februari, upepo wa ziwani unakata masikio na vyumba 90 havina mtu. Umeme unawaka, mapokezi wapo, mishahara inalipwa. Gharama ya kumlaza mgeni mmoja zaidi ni mashuka, sabuni na saa moja ya msafishaji. Kwa hiyo kama bei ya kawaida ni dola 200, hata dola 90 ni karibu faida tupu. Shida iko pengine. Hoteli ikiandika 90 mlangoni, yule mwanasheria aliyekuwa tayari kulipa 200 naye atalipa 90. Kampuni zilizofunga mkataba wa kulaza wafanyakazi wao kwa dola 160 zitapiga simu asubuhi kuuliza zinanyonywa kwa nini. Na jina la hoteli, lililojengwa kwa miaka, litaanza kunuka urahisi.

Dawa yake ni kuhakikisha bei ya chini na jina la hoteli havionekani pamoja kabla pesa haijatoka. Mwanasheria ana kikao saa mbili asubuhi kwenye jengo la jirani na anakusanya pointi za uanachama, hawezi kununua mbuzi kwenye gunia. Mwanafunzi anayekwenda kumtembelea rafiki, au wenzi wanaotaka tu wikiendi ya mjini, wanaweza. Hapo hoteli haihitaji kumuuliza mtu ana pesa kiasi gani. Kila mteja anajichagulia kundi lake kwa kiasi cha kutojua anachoweza kuvumilia, na punguzo ndilo malipo ya uvumilivu huo.

Mteja wa enzi hizo aliketi mbele ya kompyuta akachagua mji na tarehe. Jiji lilikuwa limekatwa katika kanda: katikati ya mji, upande wa uwanja wa ndege, kitongoji hiki na kile. Alitia alama kwenye kanda aliyoiridhia, akachagua idadi ya nyota, kisha akaandika dola alizokuwa tayari kulipa kwa usiku mmoja. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho alitakiwa kuandika herufi za mwanzo za jina lake, kama mtu anayetia sahihi kwenye mkataba, kukiri kwamba ameelewa: ombi likikubaliwa kadi inakatwa papo hapo, hakuna kubadili tarehe, hakuna kughairi, hakuna kurudishiwa. Jina la hoteli lilitokea baada ya hapo. Ombi likikataliwa, hakuruhusiwa kuongeza dola tano na kurudia kama anavyofanya mtu Kariakoo. Asubiri saa 24, la sivyo abadilishe kitu: aongeze kanda, abadili nyota au ahamishe tarehe.

Sharti hilo la saa 24 lilibeba mchezo mzima. Bila hilo kila mtu angeanza na dola 20 na kupanda polepole mpaka aiguse bei ya chini kabisa ya hoteli, na hoteli zingekimbia siku ya kwanza.

Upande wa pili wa skrini hapakuwa na mtu anayekuna kichwa akifikiria ombi. Hoteli zilikuwa zimekwisha kuingiza bei zao za siri kwenye mfumo, na kompyuta ililinganisha tu. Hoteli ikiwa imeweka 90 na mteja akataja 110, alipata chumba, hoteli ikachukua 90 yake, na dola 20 zikabaki Priceline, pamoja na ada iliyoongezwa juu. Aliyetaja 95 angeweza kulala kwenye chumba kilekile. Chris Anderson, mwalimu wa shule ya hoteli ya Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa namna hoteli inavyoweza kupanga bei zake ndani ya mfumo huo, akitumia mfano wa hoteli za Kimpton. Yaani wakati mteja anadhani yeye ndiye anayebahatisha, upande wa hoteli kulikuwa na watu na hesabu zao, wakitafuta bei ambayo haitafukuza maombi wala kuwapunja.

Wajanja hawakukawia kuuona upenyo. Mtu aliyetaka nyota nne katikati ya mji alitaja kwanza bei ya chini kabisa katika kanda hiyo moja. Akikataliwa, aliongeza kanda ya pili ambayo alishachunguza na kujua haina hoteli yoyote ya nyota nne, labda kitongoji chenye hoteli ndogo za kando ya barabara kuu. Mfumo uliona ombi limebadilika, ukamruhusu kutaja bei tena, na hakukuwa na hatari ya kutupwa huko pembeni kwa sababu huko hakukuwa na chumba cha kiwango hicho. Kanda tatu za namna hiyo zilimpa nafasi tatu za kupandisha bei usiku huohuo. Ilihitaji daftari, ramani na subira. Wapo waliozimaliza jioni zao hivyo kwa furaha, na kwa kweli ukokotoaji huo ulikuwa nusu ya raha yenyewe.

Wengi hawakuwa na raha hiyo. Mfumo ulikuwa na kasoro ambayo hakuna punguzo lingeweza kuifuta: ushindi wenyewe ulikuwa na uchungu. Mtu akitaja 100 na kukubaliwa mara ya kwanza, anabaki akijiuliza kama 80 isingekubaliwa. Akikataliwa, ameshinda njaa hadi kesho. Hakuna jibu lililomwachia usingizi mzuri, na hiyo ni sifa mbaya kwa kitu kinachouza usingizi.

Hotwire ndiyo iliyougeuza mchezo. Ilianzishwa mwaka 2000 na kundi la mashirika ya ndege ya Marekani pamoja na wawekezaji wa Texas Pacific Group, ikanunuliwa na IAC mwaka 2003, na leo iko chini ya Expedia. Wao waliacha jina likiwa limefichwa lakini wakaiandika bei. Mteja anaona nyota nne, kanda fulani, dola 104, achukue au aache. Hakuna kubashiri, hakuna saa 24. Uingereza nako, lastminute.com, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Martha Lane Fox na Brent Hoberman, ilikuja kuuza hoteli zake za siri kwa mtindo huo. Priceline ilikuwa na hataza, lakini wateja walikuwa wanahama. Mwaka 2012 nayo ikaleta aina yake ya bei iliyoandikwa na jina lililofichwa, ikaiita Express Deals.

Wakati huohuo kampuni hiyo ilikuwa imefanya ununuzi uliokuja kuibadili yote. Mwaka 2004 ilinunua Active Hotels ya Uingereza, mwaka 2005 ikanunua kampuni ya Amsterdam iliyokuwa ikiuza vyumba kwa majina halisi ya hoteli, bila fumbo lolote, na kuchukua kamisheni kutoka kwa hoteli. Hiyo ndiyo Booking.com. Ikakua hadi ikamfunika mama yake, na mwaka 2018 kundi zima likabadili jina likawa Booking Holdings. Kuomba bei ya ndege kulikomeshwa mwaka 2016, magari ya kukodi yakafuata, na hatimaye hoteli nazo. Mtu anayetafuta leo lile sanduku la kuandikia dola zake halikuti.

Kilichobaki ni ofa za siri, na hizo zina afya njema. Express Deals bado zipo. Hotwire wana Hot Rates. Priceline wana pia aina wanayoiita Pricebreakers, inayotaja hoteli tatu kwa majina na kumwambia mteja atapata mojawapo, ila hatajua ipi mpaka alipe. Hiyo ya tatu ndiyo ya kumshauri mtu anayeanza. Ukiiona hoteli moja kati ya tatu usiyoweza kulala hata kwa bure, unaiacha. Ukiziridhia zote tatu, fumbo limebaki jina tu.

Hata kwenye ofa zilizofungwa kabisa, gunia lina matundu. Chukua ofa moja ya kawaida: nyota 4, kanda fulani ya mji, alama ya wageni zaidi ya 8, bwawa la kuogelea la ndani, chumba cha mazoezi, mbwa wanaruhusiwa, maegesho ya kulipia. Mteja anafungua dirisha la pili la kompyuta, anatafuta hoteli zinazouzwa kwa majina katika kanda hiyo, anachuja kwa nyota nne, anachuja tena kwa bwawa la ndani na mbwa. Orodha ya hoteli 30 inabaki na nne, wakati mwingine moja. Ofa ikisema ni punguzo la asilimia 38, anapiga hesabu ya bei kamili kabla ya punguzo na kuangalia ni hoteli ipi leo inauza kwa bei hiyo. Kinachofichua kuliko vyote ni ada ya huduma za hoteli, kwa kuwa kila hoteli ina kiasi chake cha ajabuajabu. Ikiandikwa dola 39.68 kwa usiku, na mtaa mzima una hoteli moja tu inayotoza dola 39.68, siri imekwisha.

Hoteli zinalijua hilo. Zinavumilia kwa sababu mtu atakayekaa nusu saa akilinganisha mabwawa ya kuogelea siye yule mwanasheria. Atakayefanya kazi hiyo ndiye mteja ambaye bila punguzo asingekuja.

Kwenye nyota kuna mtego mdogo. Kenya hupanga hoteli zake kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupitia mamlaka ya serikali. Marekani haina chombo cha serikali kinachogawa nyota. Kila kampuni ya kuuza vyumba inagawa zake, na chumba kinachoitwa nyota nne huku kinaweza kuitwa tatu na nusu kule. Anayelinganisha ofa za kampuni mbili aangalie alama za wageni na mtaa, nyota azitazame kwa jicho la pembeni.

Kisha kuna pesa zinazojificha. Kodi za vyumba Marekani ni nzito. Jijini New York ni asilimia 14.75 ya bei, na juu yake dola 3.50 kwa kila usiku. Las Vegas hoteli nyingi hutoza ile ada ya huduma, mara nyingi dola 40 au zaidi kwa usiku, kwa ajili ya intaneti, chumba cha mazoezi na vitu ambavyo mgeni pengine hatavigusa. Kwa miaka mingi ada hiyo ilijitokeza ukurasa wa mwisho, au mezani pa mapokezi, na chumba cha siri cha dola 35 kikawa cha dola 80 mtu akiwa ameshashika begi. Tangu 12 Mei 2025 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inawataka wauzaji wa malazi ya muda mfupi waonyeshe bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo. Kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, kwa hiyo jicho libaki kwenye jumla ya mwisho.

Na kuna mambo ambayo bei ya chini haiyanunui. Usiku uliolipwa kupitia kampuni ya kati kwa kawaida hauingizi pointi za uanachama wa Marriott au Hilton. Chumba cha siri kwa kawaida kinahakikishiwa kutosha watu wazima wawili, basi. Aina ya kitanda ni mapokezi watakavyoamua, na kwenye hoteli iliyojaa, aliyelipa kidogo ndiye anayepewa chumba kinachotazamana na lifti. Ndugu wawili wa kiume wanaoshiriki chumba wanaweza kukuta kitanda kimoja kikubwa na tabasamu la pole.

Ndiyo maana kwa Waswahili walioko Marekani mchezo huu unafaa safari fulani na kuharibu nyingine. Kijana wa Minneapolis anayekwenda Houston kwa usaili wa kazi, peke yake, tarehe zake haziyumbi, amefika mahali pake. Familia inayompokea bibi kutoka Tanga kwa ajili ya mahafali, na bibi hapandi ngazi na wajukuu wanne wanataka kulala karibu naye, ilipe bei ya wazi na kuzungumza na hoteli moja kwa moja. Harusi na misiba ndiyo haifai kabisa. Watu 30 wakinunua ofa za siri kila mmoja kivyake watatawanyika mji mzima. Hoteli nyingi huko hutoa bei ya kundi kuanzia vyumba kumi, hutenga vyumba hivyo mpaka tarehe maalumu, na hakuna anayelipia asichotumia ikiwa mwandaaji amesoma mkataba vizuri. Ni simu moja tu, ila lazima mtu aipige mapema.

Tahadhari moja zaidi kwa anayetoka Afrika Mashariki ni kadi. Mkenya anaweza kulipia ofa kwa kadi ya Visa iliyomo ndani ya M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2022, na malipo yakapita bila tatizo. Lakini kadi hiyo haishikiki mkononi. Mapokezi ya hoteli nyingi Marekani yanataka kadi ya plastiki yenye jina la mgeni ili kuzuia amana ya uharibifu, na aliyenunua chumba kisichorudishiwa pesa hana la kujitetea akikataliwa ufunguo. Asome masharti ya amana kabla ya kulipa, au asafiri na kadi ya benki yenye pesa za kutosha kuzuiwa kwa siku kadhaa.

Mombasa, Diani na Zanzibar ofa za kuficha jina si mtindo uliozoeleka, lakini bei isiyotangazwa ipo, nayo inafanya kazi kwa mantiki ileile ya kuwatenga wateja. Hoteli nyingi za pwani huuza kwa watalii kwa dola kupitia mitandao, ambako sehemu ya bei inakwenda kwenye kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 15. Bei ya wakazi huwa ya shilingi, huwa chini zaidi, na mara nyingi haionekani kwenye ukurasa ule ambao mtalii wa Ulaya anauona. Aprili na Mei, masika inapotanda na baadhi ya hoteli hata kufunga milango, zile zinazobaki wazi hushusha tena. Kuipata hakuhitaji kanda wala nyota. Mtu anapiga simu hotelini, anauliza bei ya mkazi kwa tarehe zake, anauliza kama kifungua kinywa kimo, kisha anaomba waiandike kwenye ujumbe wa WhatsApp. Siku ya kufika, abebe kitambulisho cha taifa au kibali cha ukaazi, cha kila mtu mzima atakayelala humo, kwa sababu mapokezi wataviomba vyote, na asiyekuwa nacho atahesabiwa dola.